Nani Kakata Waya?

Kikundi: UKOO WA BI MWANA (Lamu, Malindi, Mombasa)

Swabra: Asalaam aleykum jamaa. Kuna mwenye mtandao hapo Mkomani? Mgeni wangu wa chumba cha juu asema video yake yazunguka tu tangu alfajiri. Aniangalia kama kwamba mimi ndiye nimemfungia.

Twalib: Waaleykum salaam shangazi. Si wewe peke yako. Ni zile waya za Bahari ya Shamu, zimekatika tena. Nimeisoma sasa hivi.

Swabra: Bahari ya Shamu wapi na Lamu wapi?

Twalib: Shangazi, intaneti yapita chini ya bahari. Watu wadhani iko angani.

Athman: Twalib, hebu iangalie tarehe ya hiyo habari yako. Hiyo ni ya Septemba 2025, zilipokatika zile za karibu na Jeddah. Mtu kaichimbua, kairusha upya, nanyi mwaipokea moto moto.

Twalib: 🙈 Haya ami. Lakini mbona haishiki?

Maimuna: Mimi hapa Malindi napata vizuri. Video ya harusi ya Kizingitini nimeitazama mpaka bi harusi akashuka.

Swabra: Kwa hivyo Bahari ya Shamu yatuchagua sisi.

Ami Lali: 🎤 ujumbe wa sauti (2:14)

Twalib: Babu, sauti haifunguki.

Swabra: Wala kwangu. Zuleikha, si uko naye? Muandikie basi.

Zuleikha: Niko naye barazani. Naandika vile vile asemavyo, msije mkanicheka. Babu asema: "Hiyo waya i wapi? I yuu ya mai au i tini?"

Famau: Chini kabisa baba, imelala kwenye sakafu ya bahari. Kule kwenye kilindi unene wake ni wa mpira wa kumwagilia maua. Ikikaribia pwani ndipo huvikwa nyuzi za chuma, maana huko ndiko kuna meli na wavuvi. Ndani yake ni nyuzi za kioo, habari zapita kwa mwanga.

Zuleikha: Amenyamaza kidogo. Sasa asema: "Kama mpira wa mai! Na nanga ya meli mwaiyua uzito wake? Hiyo haikati, hiyo yang'oa."

Athman: Na ndivyo ilivyotokea hapa Mombasa, ami. Februari 2012. Meli ilikuwa yangoja zamu ya kuingia bandarini, ikaangusha nanga pahala palipokatazwa, ikaupata waya wa TEAMS, ule utuleteao intaneti hapa Mombasa. Ubaya ni kwamba mwezi huo huo nyengine zilikuwa zimekatika huko Bahari ya Shamu na mzigo wote ulikuwa umehamishiwa huo huo wa TEAMS. Ofisini kwetu tulirudia kalamu na daftari.

Zuleikha: Babu acheka mpaka akohoa. "Nahodha mzima hatizami ramani! Siku zetu ungeteremshwa chomboni."

Twalib: Mimi nilisikia ni papa. Kuna video ya papa auma waya.

Famau: Video iko kweli, ilisambaa sana 2014. Lakini papa wasingiziwa. Waya hukatika mara 150 mpaka 200 kwa mwaka dunia nzima, na nyingi ni nyavu za kukokota na nanga. Zilizobaki ni mitetemeko ya ardhi, maporomoko ya chini ya bahari na uchakavu tu.

Twalib: Na ile ya 2024 ya Wahouthi wa Yemen, huko Bahari ya Shamu? Si walikata makusudi?

Famau: Waliipiga meli, Rubymar, tarehe 18 Februari. Mabaharia wakatia nanga wakaihama. Meli ikawa yaelea na kuburura nanga siku kadhaa, waya tatu zikakatika njiani, na tarehe 2 Machi ikazama na mbolea yake. Wengi waliochunguza waona ni ile nanga. Kwa hivyo vita ndivyo vilivyoanza, lakini kilichokata ni chuma kile kile alichosema baba.

Zuleikha: "Chombo kisicho na mtu ni balaa. Afadhali kizame mapema." Babu huyo.

Maimuna: Jamani, maskini mabaharia.

Swabra: Mimi mwanipa historia, na mgeni yuko ngazini na simu mkononi.

Athman: Mpe kahawa na kaimati. Atasahau.

Swabra: Keshakunywa mbili.

Zuleikha: Babu auliza huo wa Mombasa waenda wapi.

Athman: TEAMS? Watoka Mombasa mpaka Fujairah, kule Imarati. Ulitiwa 2009. Kabla ya mwaka huo Kenya nzima ilitegemea satelaiti, bei haishikiki na ukipiga simu ya nje wasikia sauti yako yarudi.

Zuleikha: Ngoja, huyu mzee amesimama. "Fujaira! Hiyo si ndia yetu? Tukipakia boriti hapa, tukenda na kusi, tukarudi na kaskazi. Haya hao wazungu wametia waya kwenye ndia ya majahazi, na hakuna aloniuliza."

Famau: 😂 Baba, huo waya umetiwa na serikali ya Kenya pamoja na kampuni za Imarati na za hapa hapa.

Zuleikha: "Basi ndiyo zaidi wangeniuliza."

Twalib: Lakini mimi naona ni kitu cha ajabu. Mimi niko Langoni, shangazi yuko Mkomani, naweza kufika kwake kabla chai haijapoa. Lakini nikimuandikia hapa, ujumbe watoka mnarani, wavuka bara, waingia baharini, wafika kwenye mitambo ya wenyewe huko ng'ambo, ndipo urudi Mkomani.

Swabra: Kumbe ndiyo maana wachelewa kunijibu.

Twalib: Shangazi 😅

Swabra: Sasa niambieni hili. Asubuhi nimenunua nguru kwa M-Pesa na imepita papo hapo. Kama waya zimekatika, pesa zimepita wapi?

Famau: Hiyo haitaki intaneti ya nje. Ile menyu ya laini yatumia njia ya simu ya kawaida, na mitambo yenyewe ya M-Pesa iko Kenya. Zamani ilikuwa Ujerumani, ikahamishiwa huku 2015.

Swabra: Ujerumani? Yaani siku hizo nikimlipa muuza samaki hapo gatini pesa zikipita Ujerumani?

Famau: Hesabu yake ndiyo, ikifanyiwa huko.

Maimuna: Na hatukuletewa hata chokoleti.

Athman: Hapo ndipo mimi nasema kila siku mwaniona mkali. Nchi ikiweka mitambo yake nyumbani, waya ukikatika mtu aweza kununua unga. Vitabu vya shule, vyeti, hospitali, yote haya yawekwe karibu. Sisi twapenda kukodi nyumba ya mbali na yetu twaiacha tupu.

Twalib: Ami, nyumbani nako hakuna uhakika. Wakumbuka 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha? Mtandao ulizorota nchi nzima, tukaambiwa ni waya za baharini. Siku hiyo hiyo!

Athman: Nakumbuka. Na nakumbuka ni wangapi walioamini.

Swabra: Siasa nje ya kikundi tafadhali. Bi Mwana alishasema.

Athman: Haya, nimenyamaza.

Twalib: Mimi dawa yangu ni moja. Tununue dishi la Starlink, lile la intaneti ya satelaiti, tuliweke juu ya paa la shangazi, nyumba zote za jirani zichangie. Halina habari ya nanga wala papa.

Swabra: Na hilo lalipiwa kila mwezi. Mimi wageni hujaa Desemba na siku za Maulidi. Mwezi wa Mei nimlipe nani, kunguru?

Famau: Na hata hilo dishi, Twalib, likipanda juu lazima lishuke. Satelaiti yateremsha data kwenye kituo cha ardhini, na kutoka kituoni ni waya tena. Huukimbii waya.

Maimuna: Msiniletee habari za satelaiti, mimi ni mtu wa huku. Hapo Ngomeni, Waitaliano walirusha satelaiti ya Wamarekani kutoka majukwaa yaliyosimama baharini, 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya taifa, nayo ikapewa jina Uhuru. Jina la Kiswahili angani, kabla Twalib hajazaliwa na kabla babake hajaota jino.

Twalib: Ilikuwa ya intaneti?

Maimuna: Ya intaneti 1970? Ilikuwa yatafuta mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo peke yake. Marehemu baba akisema wavuvi wa Ngomeni siku hizo waliambiwa wasisogee, na samaki wakanona.

Zuleikha: Babu asema hayo ya samaki ni kweli. Na asema tusimtoe njiani, ana swali. "Waya ukikatika kwenye kina cha mai, waupata vipi? Hakuna mbizi wa kufika huko."

Famau: Swali zuri hilo baba. Kwanza wapima kutoka ufukweni. Hupeleka mwanga ndani ya kioo, ukifika penye mkato warudi, na kwa muda uliotumia kwenda na kurudi wajua umbali. Kisha huitwa meli. Kwa upande wetu huu wa Afrika ile iitwayo sana ni Léon Thévenin, ya Wafaransa, yakaa Cape Town. Ikifika pale yateremsha kulabu kwa kamba ndefu mpaka chini, yaiburura pole pole ikikatisha njia ya waya, mpaka inase.

Zuleikha: "Yaani wavua."

Famau: Wavua hasa. Wakinasa ncha moja waipandisha, waipima, waifunga kwenye boya. Waenda kutafuta ncha ya pili. Halafu chomboni kuna chumba kisafi, mafundi waziunganisha nyuzi za kioo moja moja kwa moto, watia kipande kipya katikati kwa sababu ncha hazifikiani tena, ndipo warudisha chini. Bahari ikichafuka wangoja. Mei 2024, zilipokatika waya za EASSy na Seacom kule kusini kuelekea Afrika Kusini, Kenya, Tanzania na Uganda wote tulikuwa twangoja meli.

Swabra: Hizo nakumbuka. Ilikuwa Jumapili.

Zuleikha: Babu hasemi kitu. Achezea bakora. Sasa asema: "Kunasa waya mwembamba kwenye kiza cha kilindi, mkondo wavuta chombo huku na kulabu kule... Hiyo si kazi ya kompyuta. Hao wana nahodha." Auliza wanalipwa vizuri?

Famau: Meli kama hiyo kwa siku moja ni maelfu ya dola.

Zuleikha: "Famau, waulize kama wataka mtu aiyuwaye kaskazi."

Athman: Ami Lali mtoe barua ya maombi, mimi nitaipiga chapa 😂

Maimuna: Miaka themanini na ushei atafuta ajira.

Zuleikha: Amesikia. Asema wewe Maimuna hukuwahi kuvuka hata mlangobahari wa Mkanda bila kutapika.

Maimuna: 🏳️

Famau: Jamani tulieni. Nimempigia jamaa mmoja mshika minara. Bahari haina kosa. Kuna tingatinga lilikuwa lachimba mtaro upande wa bara kabla ya kufika Mokowe, limeung'oa waya wa ardhini tangu saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana Malindi wako salama. Sasa twaendeshwa na njia ya akiba, nyembamba, maneno yapita, video haipiti. Mafundi wako njiani.

Twalib: Tingatinga!

Swabra: Kwa hivyo tumezunguka Jeddah, Fujairah na Ujerumani na mkato uko Mokowe.

Athman: Twalib mwenye habari za kimataifa.

Twalib: Mimi nimetoka kwenye kikundi kimoyomoyo.

Zuleikha: Babu asema hata bara wangemuuliza.

Swabra: Nimemwambia mgeni ni tingatinga. Amefurahi! Asema kwao pia hukatwa na watu wa mabomba. Ameiacha simu chumbani ameteremka forodhani kutazama punda wakipakiwa mchanga.

Maimuna: Afadhali. Sasa na mimi nina langu. Bi Mwana nimemuona juzi, asema mwamtenga. Kikundi kina jina lake na yeye hayumo.

Twalib: Simu yake ndiyo iliyomtoa, shangazi Maimuna. Ni ya Android 4.4. WhatsApp iliziacha hizo tangu Januari 2025.

Maimuna: Simu nzima haina ufa, yapiga, yashika, kwa nini iachwe?

Famau: Nzima kwa macho. Programu mpya hazitengenezwi tena kwa mfumo ule, nami siwezi kuipandisha, kampuni iliyoiunda yenyewe ilishaacha kuitengenezea. Hapa dukani nina kapu zima la simu nzima namna hiyo. Roho yaniuma kuzitupa, na wateja wanilaumu mimi.

Athman: Hilo ndilo la kuandikwa magazetini, wala si dishi. Mzee anunuliwa simu, aijua kila kona, kisha siku moja mtu wa mbali aamua imekwisha.

Swabra: Tumnunulie. Famau, iliyo rahisi na maandishi makubwa ni ngapi?

Famau: Elfu kumi na mbili kwa bei yenu. Nitamtilia namba zote na picha za nyuso, abonyeze uso tu.

Swabra: Basi kila mtu anitumie mimi, kisha ajiandike hapa chini. Mwenye ahadi aandike ahadi, ahadi isizidi Ijumaa.

Mchango wa simu ya Bi Mwana
Swabra 3,000 ✅
Athman 3,000 ✅

Maimuna: Mimi 2,500, nimetuma sasa hivi. Niandikeni.

Famau: Mimi kasha, kioo cha kukinga na kazi yangu. Na 1,500.

Twalib: 500 ahadi 🙏 mwisho wa mwezi.

Athman: Ijumaa, Twalib.

Twalib: Ijumaa.

Zuleikha: Babu asema mumuandike nguru mmoja.

Swabra: Ami Lali, duka halipokei nguru.

Zuleikha: "Famau apokea."

Famau: Napokea. Muandikeni 1,500.