Tupeane uzoefu: epididimitisi, maumivu ya korodani tunayoyaonea haya

Mleta mada

Ndugu zangu, heshima kwenu. Nimeleta mada hii kwa sababu nilikaa siku nne na maumivu ambayo yangeweza kutibiwa mapema, na kilichonichelewesha hakikuwa umbali wala kukosa huduma, bali haya. Naomba kila aliyepitia hali hii, au aliyemuuguza mtu, aeleze ilivyoanza, alivyopimwa, na muda aliochukua kupona.

Nina miaka 28. Kwangu ilianza kama uzito upande wa kushoto, mithili ya kitu kinachovutwa kuelekea chini, nikadhani ni ngiri kwa kuwa siku moja kabla nilikuwa nimebeba mizigo. Kesho yake mkojo ukaanza kuchoma. Kufikia siku ya nne nilikuwa na homa, natembea nimepanua miguu, na nilipopapasa taratibu nyuma ya korodani nilihisi kitu kigumu chenye joto, kama kamba nene, ilhali sehemu ya mbele haikuuma sana. Daktari alinieleza kwamba kamba hiyo ndiyo epididimisi, mrija mwembamba uliojikunjakunja kiasi kwamba ukinyooshwa hufikia takribani mita 6, na ndimo mbegu za kiume hukomaa na kuhifadhiwa. Bakteria hutoka kwenye njia ya mkojo, hupanda kupitia mrija wa mbegu na kutua humo, na uvimbe wa mrija huo ndio epididimitisi.

Niliambiwa nikae angalau saa moja bila kukojoa, kisha nikinge mkojo wa mwanzo kabisa, si ule wa katikati niliouzoea kwenye vipimo vingine, kwa kuwa mkojo wa mwanzo ndio unaosomba vimelea vilivyomo ndani ya njia. Nilichomwa sindano moja ya seftriaksoni siku ileile, nikapewa na vidonge vya doksisaiklini vya miligramu 100, kutwa mara mbili kwa siku 10, zote dawa za kuua bakteria, bila kusubiri majibu. Majibu yalipotoka yalionyesha klamidia, ugonjwa wa zinaa. Homa ilikatika siku ya tatu. Siku ya sita nilijiona mzima nikatamani kuacha dawa, lakini nikajilazimisha kumaliza. Vidonge hivyo, kwa kweli, havitaki uvivu: usiku mmoja nilimeza kimoja kwa funda moja la maji nikiwa tayari nimelala, nikaamka kifua kinawaka kana kwamba nimemeza kaa la moto. Kumbe humezwa kwa maji ya kutosha, na mtu abaki ameketi wima kwa muda kabla ya kulala. Taulo dogo lililokunjwa na kuwekwa chini ya korodani nikiwa kitandani lilinipa nafuu kuliko nilivyotarajia.

Hii ni wiki ya tano. Maumivu hayapo, ila kimebaki kivimbe cha ukubwa wa harage. Je, yupo aliyebaki nacho?

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, mwanangu. Mimi ni mama, na ninaandika ili mzazi mwingine asirudie kosa langu. Kijana wangu wa miaka 14 aliamka usiku analia, anatapika, ameshika sehemu za siri. Sikuwaza hospitali kwanza. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba korodani ikiinuliwa kwa mkono na maumivu yakapungua, basi ni maambukizi tu. Nikamwambia ajaribu, akasema amepata unafuu kidogo, nikampa dawa ya kutuliza maumivu tukasubiri kuche.

Haikuwa epididimitisi. Korodani ilikuwa imejisokota na kuukaba mshipa unaoipelekea damu. Daktari wa upasuaji alisema nafasi ya kuiokoa huwa kubwa ndani ya saa 6 za mwanzo, nasi tulifika saa 11 baada ya maumivu kuanza. Waliitoa, wakaishonea ile ya pili mahali pake ili isije nayo ikajisokota. Nilipomtajia jaribio la kuinua, alitikisa kichwa na kusema halitegemewi hata mikononi mwa daktari. Maumivu yanayokuja ghafla, hasa kwa mtoto au kijana, na zaidi yakiambatana na kutapika, yachukuliwe kuwa ni ya kujisokota hadi hospitali iseme vinginevyo. Sitaki mtu anijibu kwamba sikujua. Nilikuwa na simu na nilikuwa na majirani wenye gari.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mzee wa miaka 63, mwenye tezi dume iliyokua. Niliwekewa mpira wa mkojo kwa wiki moja, na siku chache baada ya kutolewa, korodani ya kulia ikavimba. Kijana mmoja wa nyumbani alinipa vidonge vilivyosalia vya matibabu yake ya ugonjwa huohuo, vya aina aliyoitaja mleta mada. Havikunisaidia. Mkojo wangu ulipooteshwa, alionekana bakteria wa kawaida wa utumbo, E. coli, nikaandikiwa levofloksasini kwa siku 10. Kwa umri wangu na kwa tatizo langu la tezi, chanzo ni mkojo usiotoka wote. Kwa vijana wanaoshiriki ngono, mara nyingi ni klamidia au kisonono. Jina la ugonjwa lilikuwa moja, lakini dawa yake haikuwa yangu.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu mleta mada, mimi ni muuguzi. Uvimbe unaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa baada ya bakteria kufa, hivyo kivimbe chako si lazima kiwe cha kuogopesha. Hata hivyo, usikiache hivihivi. Rudi upigwe ultrasaundi, kwa kuwa saratani ya korodani na kifua kikuu cha epididimisi huweza kujificha nyuma ya uvimbe unaodhaniwa kuwa mabaki ya maambukizi. Wengine mnaosoma, ikiwa siku tatu za dawa zimepita bila nafuu yoyote, msingoje dozi iishe. Huenda pana jipu au dawa siyo. Barafu inasaidia, ila izungushiwe kitambaa.

Mchangiaji wa nne

Mume wangu aliugua mara mbili. Mara ya kwanza alitibiwa kimyakimya, mimi nikaambiwa ni mgongo. Miezi miwili baadaye yakamrudia, na safari hii alirudi na karatasi, akaiweka mezani, akasema bila kuniangalia, "Daktari amesema na wewe uje." Sikuwa na dalili hata moja, si maumivu wala uchafu, na bado kipimo changu kilikutwa na klamidia. Nani aliyeanza hatukujua, na daktari alituambia kipimo hakiwezi kusema. Wote aliokutana nao ndani ya siku 60 kabla ya dalili walipaswa kuitwa, na ngono kusitishwa hadi kila mmoja amalize dawa na dalili ziishe.

Mleta mada, umetueleza mkojo, sindano, vidonge na taulo. Mwenzako hukumtaja.

Mleta mada

Dada yangu, umeniona. Sijakutana naye tangu nianze dawa, lakini kila aliponiuliza nilimjibu kwamba ni uchovu. Jana usiku, baada ya kusoma ulichoandika, nilimwambia yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi. Tunaondoka pamoja asubuhi, yeye kwa kipimo, mimi kwa ultrasaundi.