Picha za nyuki na vipepeo mauani zinatoka na ukungu: tatizo ni lenzi au ni mimi?

Mwana wa Mindu

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijaribu kupiga picha za karibu za nyuki na vipepeo katika shamba letu dogo la alizeti hapa Morogoro, na pia kwenye mindimu miwili iliyo nyuma ya nyumba, lakini kwa kweli kazi imenishinda. Kamera yangu ni Canon ya mtumba, na lenzi ni ile ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8, yaani tundu lake la kupitishia mwanga hufunguka sana. Kwa kuwa lenzi maalumu ya picha za karibu siwezi kuimudu, nilinunua pete tatu za kurefusha lenzi, zinazofungwa kati ya kamera na lenzi, za milimita 12, 20 na 36, zile za bei ya chini ambazo ndani yake hamna vigusio vya umeme. Nazifunga zote tatu kwa pamoja ili mdudu aonekane mkubwa iwezekanavyo.

Matokeo yake ni kwamba nikibahatika, unywele mmoja wa mgongoni mwa nyuki unaonekana vizuri ajabu, ilhali macho, mabawa na ua lenyewe vimezama katika ukungu. Mara nyingi hata hapo sifiki, kwa sababu nalazimika kuisogeza lenzi karibu mno na mdudu anaruka kabla sijamlenga. Juzi kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano alitua kwenye ua la lantana, nikampiga picha sitini na tatu, na hakuna hata moja ninayoweza kumwonyesha mtu. Jambo jingine ambalo sijalielewa ni kwamba kwenye skrini, mahali pa kuonyesha f, kamera inaandika 00.

Jirani yangu amenishauri niwakamate wadudu na kuwaweka kwenye friji kwa dakika chache ili watulie. Je, hilo linafaa? Na je, nianze kuweka akiba ya lenzi mpya? Naomba pia kujua hatari ya nyuki, maana mama watoto ameshasema kwamba nikiumwa nisimwite.

Mzee wa Kamera za Filamu

Ndugu Mwana wa Mindu, hizo sufuri mbili ndizo jibu la nusu ya maswali yako. Maana yake ni kwamba kamera haioni lenzi yoyote mbele yake, kwa kuwa pete zako hazipitishi umeme, na lenzi za Canon za aina hiyo hubana tundu lake kwa umeme. Kwa hiyo umekuwa ukipiga picha zote tundu likiwa wazi kabisa kwa f/1.8. Ukichanganya tundu hilo na pete tatu zenye jumla ya milimita 68, unene wa sehemu inayoonekana vizuri haufiki hata robo ya milimita, na kichwa cha nyuki peke yake kina upana wa milimita nne hivi. Hata mkono wa daktari wa upasuaji usingekusaidia hapo.

Kuna ujanja wa zamani ambao haugharimu chochote. Funga lenzi moja kwa moja kwenye kamera bila pete, weka f/8 (tundu dogo zaidi kuliko f/1.8), kisha bonyeza na kushikilia kile kitufe kidogo kilicho pembeni mwa kifungio cha lenzi, kinachobana tundu ili uangalie picha itakavyokuwa. Si kamera zote zinazo kitufe hicho, lakini nyingi za zamani zinacho. Ukiwa bado umekibonyeza, zungusha lenzi uichomoe. Tundu litabaki limebanwa kwenye f/8, na ukiirudisha lenzi juu ya pete litabaki hivyo hivyo. Fanya kazi hiyo ndani ya nyumba, kwa sababu vumbi la shamba la alizeti likiingia kwenye kamera utaliona katika kila picha.

La pili, ondoa pete mbili na ubaki na ile ya milimita 20 peke yake. Kwa pete zote tatu unalazimika kuwa chini ya sentimita tisa kutoka katikati ya lenzi hadi kwa mdudu, na ukitoa urefu wa lenzi yenyewe zinabaki kama sentimita tano, yaani umemfunika kwa kivuli chako. Kwa pete ya 20 unarudi nyuma hadi sentimita kumi na saba hivi, nyuki bado anachukua karibu robo ya upana wa picha, na kwa f/8 unapata milimita mbili au tatu zinazoonekana vizuri. Hizo zinatosha kwa jicho, vipapasio na bega. Sikushauri ubane tundu hadi f/22 ukidhani utapata zaidi, kwani kwa umbali huo mwanga unaopenya katika tundu dogo sana hutawanyika na picha nzima hulegea.

Na usihangaike kuzungusha pete ya fokasi. Iache ilipo, kisha yumbisha mwili wako mbele na nyuma taratibu mpaka jicho la mdudu litokee wazi, na hapo ndipo ubonyeze, picha tatu au nne kwa mfululizo. Akiba ya lenzi unaweza kuendelea kuiweka, lakini usiinunue kabla ya kujaribu haya.

Dada wa Muheza

Kaka, mimi nitazungumzia vipepeo, kwa sababu ninaishi chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako wanavijiji wa upande wa Amani wamekuwa wakiwafuga, na mengi nimejifunza kwa kuwatazama wao kuliko kwa kusoma maelezo ya kamera.

Huyo mweusi mwenye madoa ya manjano, kwa maelezo yako, karibu nina hakika kuwa ni Papilio demodocus, kipepeo wa jamii ya ndimu na machungwa. Umeanza na mgumu. Jamii hiyo haitulizi mabawa hata inapokunywa mbochi. Hupigapiga muda wote huku miguu ikigusa ua kidogo tu, kwa hiyo picha zako sitini na tatu zisikuvunje moyo. Lakini una mindimu miwili! Chunguza majani machanga. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na akikua anakuwa wa kijani. Ukimgusa anachomoa pembe laini mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali. Mwache ale mpaka ajigeuze kuwa pupa, halafu uwe unamchungulia kila asubuhi. Baada ya wiki mbili hivi, kutegemea joto, kipepeo atatoka na kuning'inia zaidi ya saa nzima akingoja mabawa yakauke. Hapo ndipo utampiga upendavyo, ukiwa umekaa kwenye kigoda, na kila kigamba cha bawa kitakuwa kipya.

Kwa mauani, anza na yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe, Danaus chrysippus. Huruka polepole wala hana haraka ya kukukimbia, kwa sababu mwili wake una sumu aliyoipata kwenye mimea aliyokula akiwa kiwavi, na ndege wanalijua hilo. Ila uangalie vizuri, maana jike la Hypolimnas misippus humwiga, rangi kwa rangi, ingawa lenyewe halina sumu. Katika bawa la nyuma, Danaus ana madoa meusi kama matatu karibu na katikati, ilhali mwigaji ana doa moja tu kwenye ukingo wa mbele. Jambo hilo sikulijua kwa miaka mingi, na nililigundua nilipoikuza picha yangu mwenyewe.

Nenda asubuhi, kati ya saa moja na saa mbili unusu, wakati bado wanaota jua. Mnyemelee kwa chini, usimjie kwa juu, na kivuli chako kisimguse kamwe. Ukitaka bawa lote lionekane vizuri, simama kwa namna ambayo bawa na kioo cha nyuma cha kamera vimeelekeana sambamba.

Kuhusu friji, naomba usifanye. Mdudu aliyegandishwa anajulikana tu: miguu imejikunja, vipapasio vimelegea, na amekaa juu ya ua kama kitu kilichodondoshwa. Picha ya namna hiyo mimi huihesabu kuwa ya uongo.

Mfuga Nyuki wa Sikonge

Naunga mkono maneno ya dada kuhusu friji, na ninaongeza ya nyuki.

Nyuki aliye mauani hana cha kulinda. Huuma akibanwa kwenye nguo au akikanyagwa, lakini nyuki wetu wa Afrika huwa wakali wakiwa kwenye mzinga. Kwa hiyo usipige picha karibu na mzinga bila vazi la kujikinga, wala usisimame katika njia wanayopitia kuingia na kutoka. Ukiumwa, kwangua mwiba haraka kwa ukucha na uondoke mahali hapo, kwa sababu mwiba huo huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake. Kama kuna mtu nyumbani ambaye akiumwa hubanwa na kifua au huvimba uso, huyo asikusindikize shambani.

Sasa kuhusu alizeti. Kichwa cha alizeti ni mamia ya maua madogo, na hayafunguki yote kwa siku moja. Huanza kwenye ukingo na kuelekea katikati, duara baada ya duara. Nyuki huifuata duara iliyofunguka siku hiyo, akizunguka kama mtu anayekagua foleni. Usimkimbize. Lenga sehemu moja ya duara ambayo bado hajaifikia, tulia, naye atakuja mwenyewe mbele ya lenzi.

Kama una bilingani zilizochanua, utafaidi zaidi. Chavua ya bilingani imefungiwa ndani ya kijifuko chenye tundu dogo kwenye ncha, na nyuki wa asali hajui kuitoa. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hulitikisa kwa misuli ya kifua kwa sauti kali, na chavua humwagika tumboni mwao. Kwa sekunde hizo chache amekaa mahali pamoja, na sauti yenyewe inakuambia wakati wa kubonyeza.

Jioni nako usikuache. Kuna nyuki wasioishi kwenye mizinga, baadhi yao wana mistari ya buluu tumboni, na madume yao hulala nje: huuma shina kavu kwa taya na kuning'inia hapo mpaka asubuhi. Nyuki aliyelala ndiye friji yako.

Msafiri wa Kilifi

Naongeza jambo moja tu kuhusu mwanga. Kwa f/8 utaona giza, na upepo wa saa nne ukianza ua litayumba. Ukipata flashi ndogo ya mtumba, iweke kwenye nguvu ya moja ya kumi na sita na kasi ya shata iwe 1/200 ya sekunde. Mwako wake hudumu muda mfupi kuliko 1/4000 ya sekunde, na huo ndio unaogandisha picha. Mbele yake funga kipande cha dumu jeupe la maziwa, kwa sababu bila hivyo mgongo wa nyuki hung'aa kama sufuria mpya.

Ukifika pwani yetu, pitia mradi wa Kipepeo pale Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulioanza 1993. Wana banda la wavu ambamo vipepeo huruka juu ya maua. Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera ipate joto kwanza, la sivyo lenzi itajaa ukungu, na safari hii ukungu wa kweli.

Mwana wa Mindu

Nawashukuru sana. Kile kitufe nimekipata, kumbe kwa miaka miwili nilidhani ni mapambo. Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikwenda na pete moja, nikamngoja nyuki kwenye duara kama nilivyoelekezwa. Katika picha kumi na moja, mbili zina jicho zuri kabisa, na katika moja chembe za chavua zinahesabika kwenye nywele zilizo juu ya jicho lenyewe, jambo ambalo sikujua kama nyuki ana nywele hapo. Mama watoto ameitazama kwa muda mrefu kisha akauliza kama huyo ndiye aliyemuuma mwaka jana.

Kwenye mndimu mdogo nimeona vitu vitatu vinavyofanana na kinyesi cha ndege. Kimoja nimekigusa kwa kijiti, kikachomoa pembe.