Pride and Prejudice ya runinga: tutumie ya 1980 au ya 1995, na sura zigawanywe vipi?

Kijicho_cha_Tanga

Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha usomaji kinaanza Pride and Prejudice ya Jane Austen mwezi ujao. Kiingereza cha 1813 kinawapiga chenga wengi, kwa hiyo tumekubaliana kusoma huku tukitazama tamthilia. Zinazotajwa sana ni mbili za BBC, ya 1980 na ya 1995, na kuna filamu ya 2005. Tuna vikao sita vya saa mbili mbili. Ipi inakifuata kitabu vizuri, na sura tuzigawanyeje? Halafu, kipi kwenye picha hakimo kitabuni? Wapo wenye mtihani, hawataki kujibu swali kwa kitu walichokiona kwenye skrini.

La mwisho: maandishi ya chini niliyopata ya tamthilia ya 1995 yanaanza sawa, kisha yanazidi kuchelewa hadi mwisho wa sehemu mtu anaongea na maandishi yako mbali kabisa. Tatizo nini?

Bibi_Maktaba

Kwa vikao sita, ya 1995 imekaa penyewe: sehemu sita, kila moja dakika 55 hivi. Aliyeandika muswada ni Andrew Davies, mwongozaji Simon Langton, Jennifer Ehle akiwa Elizabeth Bennet, mhusika mkuu, na Colin Firth akiwa Darcy, bwana tajiri anayemposa. Mgawanyo wake unaenda hivi: sehemu ya 1 ni sura 1–12, ya 2 ni 13–22 (inaishia Charlotte, rafiki wa Elizabeth, amekubali kuolewa na Collins, binamu wa kina Bennet), ya 3 ni 23–34 (inaishia Darcy amekataliwa), ya 4 ni 35–43, ya 5 ni 44–48, ya 6 ni 49–61.

Ila ukifuata mgawanyo huo jinsi ulivyo, kikao cha tano kina sura tano tu na cha sita kina kumi na tatu. Msifanye hivyo. Kabla ya kutazama sehemu ya 5 someni 44–52, kisha 53–61 kwa kikao cha mwisho. Inakuwa tisa kwa tisa. Na si suala la uzito wa kazi tu. Kitabuni, mchango wa Darcy katika ndoa ya Lydia, mdogo wa Elizabeth, ni siri mpaka barua ya Bi Gardiner, mke wa mjomba wao, sura ya 52. Tamthilia inamwonyesha mapema akihangaika London kumtafuta Lydia na Wickham, ofisa aliyetoroka naye. Anayetazama kabla ya kusoma ameshapewa jibu kabla ya swali.

Hakikisheni pia matoleo yenu yanahesabu sura kwa namna moja. Riwaya ilitoka kwa juzuu tatu, zenye sura 23, 19 na 19, na baadhi ya matoleo huanza kuhesabu upya kila juzuu. Sura ya 34 kwa mwenzako inaweza kuwa juzuu ya pili, sura ya 11. Kikao cha kwanza hakitaonyesha tofauti; mtashtukia mkiingia juzuu ya pili.

Sauti_ya_Pembeni

Bibi Maktaba kagawa vizuri, lakini swali lilikuwa ipi inakifuata kitabu, na hapo siipi ya 1995 nafasi ya kwanza. Itazame inavyoanza: Darcy na rafiki yake Bingley juu ya farasi, wanaiangalia nyumba ya Netherfield. Kitabu kinaanza na Bi Bennet akimsumbua mumewe. Davies alitaka tumwone Darcy akiwa peke yake, ndiyo maana tunamwona akioga, akicheza upanga, akiandika barua usiku. Austen hatupi hata mara moja nafasi ya kukaa na Darcy bila mtu mwingine kuwepo. Tunamhukumu kimakosa kwa sababu Elizabeth anamhukumu kimakosa, na hilo ndilo linaloisukuma riwaya nzima.

Ya 1980 (sehemu tano, muswada wa Fay Weldon, Elizabeth Garvie na David Rintoul) inabaki na Elizabeth, na mara kwa mara unasikia anachowaza. Kasoro zake zipo: inaenda polepole, ndani ya nyumba panaonekana studio kabisa, na Rintoul amekauka kama mlingoti. Mimi ukavu huo siuoni kuwa kosa. Mpaka sura ya 34 msomaji hatakiwi kumpenda yule bwana.

Ushauri wangu: tazameni ya 1995, lakini kikao cha nne leteni ya 1980 kwa barua ya Darcy peke yake, mlinganishe. Katika 1995 barua inageuka picha, tunamwona Wickham na Georgiana, mdogo wa Darcy, kwa macho yetu, kwa hiyo hakuna cha kutilia shaka. Sura ya 36 inamwacha Elizabeth na karatasi tu. Anaisoma, anaikataa, anairudia, na mwisho anajiona alivyokuwa kipofu.

Bibi_Maktaba

Kuhusu barua nakubali. Kuhusu Rintoul tusianze, tutakesha.

Kwa wenye mtihani, haya hayamo kitabuni: Darcy kujitosa ziwani, kuoga, upanga, na Collins kufika Longbourn, nyumbani kwa kina Bennet, kutoa pole baada ya Lydia kutoroka. Pole hizo ziko kwenye barua, sura ya 48, na zina ubaya wake, maana anasema kifo cha binti kingekuwa baraka kuliko hili. Ziwani napo, sura ya 43 haina shati lililolowa. Darcy anatokea upande wa mazizi akiwa mkavu, amewahi siku moja kabla ya alivyotarajiwa, yeye na Elizabeth wako kama yadi ishirini kutoka kwa kila mmoja, na wote wawili wanaona haya.

Kuna mtego wa hatari zaidi ya ziwa. Katika sura ya 34 Austen ananukuu sentensi za mwanzo tu za posa ya Darcy. Yale ya unyonge wa ukoo wa Elizabeth yanasimuliwa, hayanukuliwi. Runinga haiwezi kusimulia, kwa hiyo mwandishi wa muswada alimtungia maneno. Mwanafunzi akiyaweka ndani ya alama za kunukuu kama ya Austen, msahihishaji anamkamata papo hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa jibu la Elizabeth katika sura ya 58. Na sentensi maarufu ya kwanza ya kitabu ni ya msimulizi, yenye kejeli. Katika 1995 amepewa Elizabeth aiseme.

Hesabu_Kwanza

Naongeza mawili ambayo picha haiyabebi.

Fedha. Mzee Bennet anaingiza pauni 2,000 kwa mwaka, lakini shamba limefungwa kwa mrithi wa kiume, yaani Collins. Kilichobaki kwa mabinti ni pauni 5,000 zilizowekwa kwa mkataba wa ndoa kwa ajili ya mama na watoto, wagawane watano. Collins mwenyewe anamkumbusha Elizabeth katika sura ya 19: pauni 1,000, kwa riba ya asilimia 4. Hiyo ni pauni 40 kwa mwaka. Darcy ana 10,000. Anayekataliwa sura ya 34 ana kipato mara 250 ya kile ambacho binti atabaki nacho. Andikeni namba hizi ubaoni kabla ya sehemu ya 3.

Umri. Lydia ana miaka 15 mwanzoni, na 16 anapotoroka; Elizabeth 20, Darcy 28. Katika 1995 Lydia ni Julia Sawalha, anayemzidi umri Jennifer Ehle kwa zaidi ya mwaka. Anachekesha sana, lakini kutoroka kwake kunaonekana utundu wa mtu mzima. Georgiana naye alikuwa na 15 Wickham alipomrubuni kule Ramsgate. Mtu huyo huyo, umri karibu ule ule. Msiliache lipite.

Fundi_Sabutaito

Maandishi yako yalitengenezwa kwa video ya fremu 23.976 kwa sekunde, na video yako ni ya 25, kasi ya runinga ya Uingereza. Kwa sehemu ya dakika 55 tofauti inafika kama dakika 2 na sekunde 20 mwishoni. Kubonyeza G na H kwenye VLC (programu ya kuchezea video) hakutasaidia, kwa sababu kunasogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja. Fungua faili kwenye Subtitle Edit (programu ya kuhariri maandishi ya chini), nenda kwenye kubadili kasi ya fremu, weka kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa jina jipya. Kisha kagua mstari mmoja wa mwanzo na mmoja wa mwisho. Vyote vikikosea kwa kiasi kile kile, sasa ndipo G na H zitafaa.

Angalia pia faili lisiwe la sehemu mbili zilizounganishwa. Marekani, kituo cha runinga cha A&E iliirusha mbili mbili kwa usiku tatu, Januari 1996.

Kijicho_cha_Tanga

Asanteni sana. Na ya 2005, tuiache?

Sauti_ya_Pembeni

Kwa kikundi chenu, iacheni mpaka mmalize. Ni dakika 129 kwa sura 61, kina Hurst (dada na shemeji wa Bingley) wameondolewa kabisa, posa ya kwanza imetolewa sebuleni Hunsford, nyumbani kwa Collins, ikapelekwa kwenye mvua, na mavazi yamerudishwa miaka ya 1790. Keira Knightley ana umri unaofaa, hilo nampa. Toleo la Marekani lina tukio la mwisho la busu ambalo la Uingereza halina, kwa hiyo mkiitazama mkiwa kila mtu na nakala yake, kubalianeni kwanza ni ipi.