Mbatata zimestawi majani tu, chini gololi. Nimekosea wapi?

ChipsMakorora:
Habari za mchana wakuu. Nakaanga chips jioni huku Makorora, Tanga mjini, na bei ya kiroba cha mbatata kila wiki ina mambo yake, mwezi wa 12 nikasema sasa basi, nina kieneo changu Pongwe kimekaa bure, nikachukua vile vilivyochipua stoo kama ndoo mbili nikazika. Samadi nikaweka, urea nikaweka, na nikaona haitoshi nikaongeza tena urea, maji kila siku. Jamani majani yalitoka!! Watu wakipita wanasimama, wifi yangu akapiga picha akaweka status. Juzi nimechimba, ndoo mbili nilizozika nimetoa sufuria moja, tena vigololi. Mama mkwe anasema nimepigwa jicho na ile picha ndo imeniponza. Kabla sijaanza kuzunguka kwa waganga naomba mnisaidie, na je hivi vidogo vinaliwa? Vingine vina ukijani.

MtuWaLukozi:
Dada pole, nimecheka lakini pole. Mwache wifi, hilo ni joto. Sisi huku Lushoto milimani usiku tunalala na blanketi mbili na kiazi ndo kinapenda hivyo hivyo, udongo ukiwa na nyuzi kama 15 mpaka 20 kinatunga vizuri, ukikaribia 30 kinagoma kabisa. Mchana jani linatengeneza chakula, usiku ukiwa wa baridi kinashuka chini kujaza kiazi, sasa Pongwe mwezi wa kwanza usiku wenyewe unalala feni inazunguka, mmea unakitumia chakula chote wenyewe kuhema na kurefuka. Halafu urea ukazidisha, hapo ndo umeuambia toa majani tu. Ungekuwa ugonjwa ungeona, kama ule mnyauko bakteria mmea unalala mchana kweupe, ukikata shina ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi unaona uzi mweupe kama maziwa unashuka. Wako haukunyauka, ulinenepa.

Vya kijani tupa. Hukuinulia udongo kwenye mashina, jua likavipiga, na ukiona ukijani jua kuna sumu ya solanini imeongezeka, na hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Na kama majani yalizaa vitunda vinafanana na nyanya mbichi watoto wasiguse.

Yakhe_Ngamiani:
Tanga waja leo waondoka leo, hata mbatata zimekuja zimeondoka 😂😂

BiMkubwaJikoni:
Mwanangu usisikitike, hivyo vigololi visivyo na kijani ndo vitamu kuliko vyote. Vioshe vichemshe na maganda yake na chumvi, visiive sana vikapasuka, menya vikiwa vya moto moto. Koroga unga wa dengu na binzari manjano, kitunguu thaumu, pilipili, chumvi na maji kidogo, rojo liwe zito la kushika kidole, chovya tia kwenye mafuta yaliyochemka. Chatne ya ukwaju pembeni, au ya nazi na embe bichi, mimi ya embe ndo ugonjwa wangu. Weka sahani moja pale kwenye kabati lako la chips uone kama itafika magharibi. Vikisagika usitupe, tia ndimu na pilipili fanya kachori.

Bwagamoyo_boy:
Nami nilijaribu Bagamoyo, nikapanda mwezi wa 5 ili nidake kipupwe. Nilipata vikubwa kuliko gololi, kama yai la kuku wa kienyeji hivi, ila ukipiga hesabu ya maji na mbolea bora ningenunua. Siku hizi shamba lile lina mihogo na sina presha.

ChipsMakorora:
Asanteni sana, mama mkwe nimemsomea akasema "hata jicho lina joto" basi nimenyamaza. @MtuWaLukozi nikinunua moja kwa moja huko kwenu nitunzeje? Mara ya mwisho niliomba nafasi kwenye friji la jirani, chips zikatoka nyeusi wateja wakajua mafuta mabovu.

MtuWaLukozi:
Friji hapana dada, baridi ile inageuza wanga kuwa sukari, ukikaanga sukari inaungua ndo weusi ule. Mafuta yako hayana kosa. Mwaga chini kwenye chumba chenye giza na upepo unapita, juu ya mbao au matete, na vilivyooza toa kila siku mbili tatu, kimoja kinaambukiza kiroba kizima. Na ukija kununua usikubali lumbesa, dai mzani, kwenye lile kofia la juu ndo wanaficha vilivyokatwa na jembe. Pongwe panda muhogo, uza chips za muhogo na kachumbari, uko Tanga bana.

ChipsMakorora:
Muhogo basi. Rojo nalijaribu kesho jioni, nitaleta mrejesho.