Kofia za pama zimerushwa katikati ya Der Lindenbaum, halafu mimi ndiye naambiwa sijafiwa!

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, mikono inatetemeka. Naandika hivihivi.

Ni yule mwalimu wa kwaya wa hapa Moshi. Sina haja ya kumtaja. Suti ya rangi ya maziwa, kijiti mkononi, na kila tamasha lazima akohoe mara tatu kwenye maikrofoni ndipo aanze. Kama umekaa Moshi wiki mbili na hujakoholewa na huyo mtu, basi hukuwa Moshi, ulikuwa Mwanga.

Leo kaimbisha Der Lindenbaum ya Schubert. Nimeacha sendoff ya binamu yangu, nimelipa kiingilio 10,000, nimekaa safu ya tatu. Na walipofika kwenye kofia, PAMA ZIKARUKA.

Kwa wasioujua: huo ni wimbo wa 5 kati ya 24 za Winterreise, mfululizo wa nyimbo wa Schubert, wa mwaka 1827, mashairi ya Wilhelm Müller. Mwimbaji mmoja na piano, basi. Kijana moyo umevunjika, anaondoka mjini usiku wa baridi, anaupita mti wa linden karibu na kisima, mti aliokuwa akiota ndoto chini yake. Mti unamwita: njoo kwangu, huku utapata pumziko. Na ni pumziko gani, kila mwenye masikio anajua. Yale majani hayaimbwi na mtu, ni piano, vidole vinatiririsha noti tatu tatu. Halafu upepo unampiga usoni, piano inachafuka, kofia inapeperushwa kichwani, na yeye HAGEUKI. Hageuki, wakuu! Anaiacha kofia, anakwenda zake. Nina miaka ishirini nausikiliza huo wimbo na hapo nywele husimama kila mara.

Na piano ilikuwepo ukumbini! Imesukumwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake katoni mbili za maji ya kunywa. Nusu ya wimbo wa Schubert imekaliwa na maji ya wageni waalikwa.

Walichoimba ni ule mpangilio wa Silcher, mtunzi Mjerumani, wa sauti nne za wanaume, wa 1846. Silcher aliichukua ile sauti tamu ya mwanzo akaipitisha kwenye beti zote. Kwa hiyo upepo mkali unavuma kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Tafsiri yao ya Kiswahili linden imekuwa mringaringa. Sawa, hilo nimesamehe, mtu huimba mti anaoujua.

Lakini kofia! Besi kumi na wawili, baba wazima wenye wajukuu, wameingia na pama kichwani, nikajua ni sare. Kumbe. Mstari wa kofia ulipofika, mwalimu akanyanyua kijiti, pama kumi na mbili zikaenda hewani. Moja ikanasa kwenye feni ya dari, ikazungushwa kama mizunguko minne, ikamwangukia mzee wa teno usoni. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko na vigelegele. Hapo hapo, mahali ambapo mtu anaacha kila kitu nyuma yake!

Sikucheka. Akaniona. Wimbo ulipoisha akaninyooshea kijiti, akasema KWENYE MAIKROFONI: "Kaka wa safu ya tatu, changamka basi, hujafiwa." Watu mia tatu wakageuka kuniangalia.

Bibi aliyekaa kulia kwangu alikuwa analia kwa furaha, ananiambia umemkumbusha nyumbani kwao Marangu. Wa kushoto kalala tangu wimbo wa pili. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pama. Unarushaje pama pale?

Kipara wa Pasua:
Nilikuwepo mkuu. Ile ya feni nimeiona kwa macho yangu. Nimecheka hadi mbavu zinauma, na hapa nilipo nacheka tena. Pole lakini.

MwanaUru:
Uzi bila picha haunogi. Tuwekee pama ikiwa kwenye feni.

Dada wa Kiborloni:
Mleta uzi, umeacha sendoff ya binamu kwenda kusikiliza Mjerumani aliyeachwa na mchumba? Wewe ndiye ulistahili kuonyeshwa kijiti.

Mleta uzi:
Schubert ni wa Vienna, Austria. Na tusihame kwenye mada. Pama.

SautiYaNne:
Mimi ni besi, na iliyonasa kwenye feni ni pama yangu, ya marehemu baba. Tumefanya mazoezi miezi mitatu, noti zimeandikwa ubaoni do re mi, wengine tunatoka kazini na njaa. Unasema tumeharibu wimbo wa mtu mmoja. Schubert mwenyewe alitunga nyimbo nyingi za wanaume kuimba kwa sauti nne. Mwaka huohuo wa 1827 alitunga Ständchen kwa kwaya ya wanaume na alto mmoja, akaambiwa wanaotakiwa ni wasichana, akaketi akaiandika upya. Yeye hakununa. Huo wimbo wenu wa peke yenu bila Silcher ungeimbwa na watu gani hapa Kilimanjaro? Mama yangu hajui piano, leo anauimba jikoni.

Mleta uzi:
Mzee wangu, shikamoo. Besi mliimba vizuri, hilo sibishi, ile noti ya chini ya mwisho imenipita hadi kwenye kiti. Lakini uliirusha pama ya marehemu baba kwa sababu umeambiwa na yule. Rohoni mwako ulijisikiaje?

SautiYaNne:
Marahaba. Ukingo umepasuka. Tuyaache.

Chalii wa Ngarenaro:
Kwa hiyo pama imechanika na mwalimu hajasema kitu? Hapo nipo na mleta uzi. Aje na jani la sale mkononi aombe radhi kwa mzee.

Mpenda Teno:
Tangu enzi zile watu wameugombania huu wimbo. Schubert alipowaimbia rafiki zake Winterreise nzima walishikwa na butwaa kwa jinsi ilivyo nzito, na Schober akasema ameupenda huo mmoja tu, Lindenbaum. Schubert akajibu kwamba yeye anazipenda hizo kuliko nyimbo zake zote, na wao watazipenda tu. Mwaka uliofuata akafa, ana miaka 31. Mimi kwa mtu mmoja na piano nalia, kwa kwaya napumua. Vyote viwili navitaka.

Mleta uzi:
Schober hakurushiwa pama!

Chalii wa Ngarenaro:
Nyie Moshi mna bahati mnalalamikia kofia. Huku Arusha juzi kwaya imesimama mbele, imewekewa CD, wanafungua midomo tu. Umeme ukakatika, midomo ikaendelea.

Dada wa Kiborloni:
Nimeanguka kitandani. Midomo ikaendelea!

Mama Alto:
Afadhali CD haina michango. Sisi mwaka huu sare ya tatu hii. Pasaka kitenge cha zambarau, mwezi wa nane cha njano, sasa Krismasi tumeambiwa kijani chenye dhahabu, 45,000 bila ufundi. Ukiuliza unaambiwa huna moyo wa uimbaji.

Kipara wa Pasua:
45,000?? Mama huyo mweka hazina wenu anajenga.

MwanaUru:
Anajenga Njiro kabisa.

Mleta uzi:
Wakuu, jamani, mada ni pama. Mimi nimeaibishwa mbele ya watu mia tatu.

Mama Alto:
Pole baba. Halafu fundi wao ni mmoja tu, ukimpelekea wa kwako wanasema kola haifanani. La mwezi wa nane lilinibana mabega nikaimba alto nusu pumzi.

SautiYaNne:
Mama, hicho cha kijani nimekiona Mbuyuni, duka la kona ukiingia kwa upande wa viatu. 28,000, na bei inapungua ukichukua tatu.

Mama Alto:
Kina dhahabu pindoni?

SautiYaNne:
Kinayo.

Dada wa Kiborloni:
Mniwekee na mimi vitatu, kesho naleta hela.