ETI MIMI NDIYE SIJUI NILIPO!

Nimeingia nyumbani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule dereva wa mizigo, mnamjua nyote, yule wa honi inayolia kama mbuzi, amenijibu kwa simu: "Mama, wewe ndiye hujui ulipo." MIMI! Nimesimama Maseno, nimeegemea alama ya ikweta, mguu mmoja kusini mwa dunia, mwingine kaskazini, halafu sijui nilipo?

Nasubiri vifaranga wangu 100 wa siku moja kutoka Nakuru. Saa nane: "Niko hapa." Saa tisa: "Niko hapa tu." Hapa ni pale mtu anapokanyaga! Nyuma yake nasikia makanga wanaita "Awasi, Kericho!" Maseno nani huita Kericho? Alikuwa Ahero huyo, hata Kisumu mjini hajafika! Namwambia hivyo, anarudia polepole kama anafunza mtoto: "Mama, wewe ndiye hujui ulipo." Nimesimama pale mpaka nikaota mizizi. Sanduku limefika jua likizama. Nafungua: wamerundikana pembe moja, midomo wazi, 11 wamekauka. Mbele ya sanduku hilo akasema tena sijui nilipo!

Kijana wa Kondele: Pole mama, lakini ikweta ni mstari, si mahali. Inapita Mogotio, inapita Nanyuki. Kwa "niko ikweta" angekutafuta hadi Kongo 😂😂

Mwenye uzi: NILISEMA MASENO! Mara 6!

Omena Kavu: Maseno yenyewe iko wapi? Kaunti ya Kisumu ama ya Vihiga?

Jirani wa Luanda: Vihiga. Usianze.

Omena Kavu: Kisumu!

Mpangaji Nakuru: Mama una afadhali. Mimi dalali aliniambia nyumba iko Milimani, mtaa wa matajiri. Tukatembea, tukatembea, tukatokea Kaptembwa, mtaa wa watu wa kawaida. Namuuliza, ananyoosha kidole upande wa Menengai: "Si Milimani ni pale? Unaiona."

Kijana wa Kondele: 😂😂😂 Umelipia mandhari.

Mwenye uzi: Vifaranga wangu 11 jamani...

Jirani wa Luanda: Dalali yupi, yule wa kofia nyekundu?

Mpangaji Nakuru: Huyo huyo!

Jirani wa Luanda: Alinila 500 ya kuonyeshwa nyumba, tukafika kukawa na watu ndani wanakula ugali.

Mpangaji Nakuru: Mlango wa bluu?

Jirani wa Luanda: Bluu!! Hata mimi walinikaribisha chakula.

Omena Kavu: Maseno ni Kisumu.