Picha zangu za mwalo wa Kibirizi zinakataliwa: nirekebishe wapi?

Mwaloni Kigoma

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mpiga picha hapa Kigoma Mjini, na kwa muda sasa nimekuwa nikituma picha kwenye maktaba ya mtandaoni inayowauzia wachapishaji na watangazaji wa nchi mbalimbali. Nyingi ni za mwalo wa Kibirizi: mitumbwi inayorudi asubuhi na dagaa, akina mama wanaoanika, wachuuzi wanaopima kwa ndoo. Majibu ninayopata ni mafupi mno: picha ina chengachenga (vidoto vidogo vinavyoiharibu), haikulengwa vizuri, zinafanana, au haina ridhaa. Kwenye simu picha hizo zinaonekana safi kabisa, na wateja wangu wa harusi hawajawahi kuilalamikia kamera hii. Naomba mwenye uzoefu anieleze wakaguzi huangalia nini hasa, na kama ni lazima ninunue kamera nyingine.

Fundi Picha Tabora

Kaka, fedha ya kamera iweke kwanza. Maktaba za Shutterstock na Adobe Stock zote zinataka picha isiyopungua megapikseli 4 (yaani pikseli, au nukta za picha, milioni 4), kiwango ambacho kamera yako bila shaka inakipita. Tatizo ni mahali unapokagulia. Simu inaibana picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000 ili iingie kwenye kioo kidogo, na katika kubanwa huko chengachenga na ukungu hupotea machoni. Mkaguzi huifungua kwa asilimia 100, akafika kwenye jicho la mvuvi na kukuta fokasi (mahali lenzi ilipolenga) imekaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopo mbele yake. Fungua nawe hivyo hivyo kwenye kompyuta, upite kona hadi kona, na angani utafute madoa ya vumbi lililoingia ndani ya kamera.

Dagaa wenyewe ni mtihani. Wakianikwa mchangani, ubavu wa kila mmoja unarudisha jua moja kwa moja kwenye lenzi, sehemu hizo zinaungua na kuwa nyeupe tupu, huku uso wa mama aliyeinama na kanga kichwani ukibaki gizani. Ukija kuung'arisha uso huo kwenye programu, ndipo chengachenga zinapojitokeza, hata kama ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ilikuwa ndogo. Dawa ni saa ya kupiga. Kigoma ipo magharibi kabisa lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, hivyo jua la huko hufika utosini karibu na saa saba mchana; mwanga wa saa mbili asubuhi bado ni mpole na unatoka ubavuni. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), na mtumbwi ukiyumba kasi ya shuta isiwe ya polepole kuliko 1/500 ya sekunde.

Picha ya megapikseli 24 yenye chengachenga kidogo unaweza kuipunguza hadi pikseli 3,000 kwa 2,000. Itabaki na megapikseli 6, na dosari zitapungua pamoja nayo. Usifanye kinyume chake, kwani picha iliyokuzwa kwa nguvu inajulikana mara moja. Kuhusu kufanana, chagua moja pana, moja ya mikono ikitandaza dagaa na moja ya uso, basi.

Bi Ujiji

Naomba niongezee kuhusu ridhaa, kwa sababu kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote. Picha ya kutumika kwenye matangazo inahitaji fomu iliyotiwa saini na kila mtu anayetambulika, na mtoto hutiliwa saini na mzazi au mlezi wake. Chengachenga utazipunguza nyumbani usiku, lakini mama aliyekwisha kupanda boti kurudi Kagunga utampatia wapi? Nenda na fomu mwaloni. Mweleze kwa Kiswahili, taratibu, kwamba picha inaweza kununuliwa na mtu yeyote na sura yake ikatokea kwenye tangazo ambalo hatalijua kamwe. Akikataa, mwache kwa heshima, maana sura ni yake.

Tazama pia nembo. Jezi ya Simba au Yanga ina alama ya klabu na ya mdhamini, na ndoo ya rangi ina jina la kiwanda. Kwa matangazo, zote hizo ni sababu ya kukataliwa. Picha kama hiyo inaweza kutumwa kwenye kundi la picha za habari, kwa sharti kwamba maelezo yataje mahali, tarehe na tukio, na usifute wala kuongeza kitu chochote ndani yake.

Mwaloni Kigoma

Ahsante sana, kaka, nawe Bi Ujiji, shikamoo. Sasa nimeelewa kwa nini wavuvi walitoka safi lakini wakakataliwa: wengi walivaa jezi. Je, maneno ya utafutaji yana uzito kiasi gani?

Fundi Picha Tabora

Hayaokoi picha mbovu, ila ndiyo yanayomleta mnunuzi. Adobe Stock huyapa uzito zaidi maneno kumi ya kwanza, kwa hiyo anza na kinachoonekana: dagaa, kuanika, mwanamke, Ziwa Tanganyika. Ukiwa na hakika ya aina ya samaki, andika na jina la kisayansi, kwa mfano Stolothrissa tanganicae, kwa sababu mhariri wa kitabu cha uvuvi hutafuta kwa jina hilo. Usiandike machweo kwenye picha ya asubuhi.

Bi Ujiji

Marahaba, mwanangu. Fomu zichapishe nyingi, uzitie kwenye mfuko wa plastiki, maana mwaloni hapakosi maji.